Kondakta wa Koti

Mama mmoja wa makamo alininyooshea tiketi yake bila hata kunitazama usoni. Tulikuwa kwenye treni ya Flåm, Norwei, ndiyo kwanza inaanza kupanda. Nilivaa koti la buluu. Nusu ya behewa walivaa koti la buluu, ila weusi wao uliishia kwenye viatu.

Ningefanyaje? Nikaisoma tiketi mbele na nyuma, nikamrudishia kwa heshima. Ilikuwa halali. Basi behewa zima likaanza kupekua mifuko, nami nikakagua mpaka mlangoni.

Mzee mmoja akauliza treni inapandaje bila kuteleza. Hapo nilijisahau, maana reli ile naijua kuliko ukoo wangu. Nikamweleza kwamba ni kilomita 20 tu, lakini zinaanzia karibu na usawa wa bahari na kuishia Myrdal, mita 866 juu. Penye mwinuko mkali kabisa, kila ukienda mita 18 umepanda 1, na hakuna reli ya meno ya kuishikilia: ni chuma juu ya chuma, uzito na breki. Mlima ukikaza, njia inazama ndani ya mwamba, inageuka humohumo, inachomoza juu ikitazama ilikotoka. Mahandaki ni 20, na 18 yalichimbwa kwa mikono. Mita moja iliweza kula mwezi mzima. Reli ikafunguliwa 1940. Mzee alisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akanikabidhi kikombe chake kitupu cha kahawa.

Kwenye maporomoko ya Kjosfossen treni husimama watu wapige picha. Kiangazi hutokea mwanamke wa nguo nyekundu akacheza miambani, akiigiza huldra, jini la kike linalopoteza wanaume milimani. Sikumwona. Nilikuwa nimeshikishwa mikoba.

Kondakta halisi alipokuja, abiria wote walimwambia wameshakaguliwa. Nikabaki mimi.

Hapo kicheko kiliniishia. Viza ya kuiona milima hii ni yuro 90, na hazirudi hata ukinyimwa. Nilipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba nina kwetu na nitarudi. Makaratasi yote yale yalitaka kuhakikisha siendi kutafuta kazi. Nimefika, nimepewa kazi kabla sijaomba, tena bila mshahara.

Kesho yake nilipanda basi la Voss kwenda Gudvangen nikiwa na sweta ya njano. Tuliposimamishwa kupisha matengenezo, kijana mmoja akaniuliza barabara nitaifungua saa ngapi.