Milimita Anatafuta Kazi

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza chuo na sasa anatafuta kazi, vuta kiti ukae, mimi na wewe tuna mengi ya kuambizana. Wangu ni binti, tunamwita Milimita. Amesomea uchoraji wa ramani za majengo, na tangu aanze masomo hayo hajawahi tena kusema kwamba kitu kina urefu wa mita moja na nusu. Atakwambia elfu moja mia tano, basi, maana wachora ramani huandika vipimo kwa milimita wala hawahangaiki kuitaja. Siku moja bibi yake alimtuma kitambaa cha mita mbili. Akauliza, "Elfu mbili kamili, Bibi?" Bibi akajua anatajiwa bei, akashukuru Mungu kwamba vitambaa vimeshuka, akaagiza na cha shangazi.

Bibi huyo ndiye mama mkwe wangu. Sisi tunamwita Bibi Forodha, kwa sababu hakuna mfuko unaoingia mlango wa mbele bila yeye kuufungua. Chumba cha nyuma alikuwa akilala shemeji yangu, Wiki Moja, aliyekuja kutoka Morogoro kukaa wiki moja afuatilie cheti chake. Cheti alishakipata zamani. Kitindamimba wetu ni Kidole, na kila chenye kitufe humu ndani amekwisha kukibonyeza. Mama Milimita ni fundi cherehani, na ndiye anayetushikilia wote. Hao ndio walioingia kwenye kazi ya kutafuta kazi, kila mtu kwa namna yake.

Mwanzoni Milimita alitafuta kama vijana wote wa Dar es Salaam wanavyotafuta, na bahasha ya kaki mkononi. Alishuka Upanga, akapanda Mikocheni, akafika Masaki. Ofisi nyingi za wasanifu hazina hata kibao kikubwa nje. Unapita geti, mlinzi anapokea bahasha, anaiweka juu ya zilizotangulia, anakwambia utapigiwa simu. Matangazo nayo yanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Jioni anarudi na vumbi la viatuni, anasalimia, anakwenda kuoga bila kusema neno. Mimi baba yake iliniuma sana, na bado inaniuma nikikumbuka. Mtoto aliyetoka chuo juzi ataitoa wapi miaka mitatu ya uzoefu, kama kila geti linamtaka aje nayo?

Ushauri wa nyumbani ulikuwa mwingi kuliko nafasi za kazi. Wiki Moja alisema bila koneksheni hakuna kitu, akaanza kutaja watu anaowafahamu, na wote walikuwa Morogoro. Mama Milimita alisema mtoto aombe na avae kiatu cha kufunika vidole. Bibi Forodha alitaka ahamie benki, kwa sababu kazi yenyewe hakuielewa.

"Fundi anajenga," alisema, "mwenye nyumba analipa. Wewe hapo katikati unafanya nini, mjukuu wangu?"

Milimita alimweleza huku wakichambua mchicha. Msanifu anakuja na wazo, pengine amelichora kwa penseli kwenye kipande cha karatasi. Mchora ramani analigeuza kuwa seti nzima: ramani ya sakafu kwa skeli ya moja kwa mia, mkato unaoonyesha nyumba kama ilivyopasuliwa kwa kisu kutoka paa hadi msingi, sura za pande zote nne, jedwali la milango na madirisha, paa, mabomba, shimo la choo. Msanifu aliyesajiliwa anapitia na kutia muhuri, halmashauri inaangalia ndipo itoe kibali cha ujenzi, na fundi pale saiti anasoma namba zilizoandikwa. Namba ikikosewa mezani, tofali litakosewa ukutani. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kumbe ndiyo maana mlango wa jiko letu unagonga friji. Humu hakuchora mtu."

Hilo ni kweli, na lina historia yake. Nyumba yetu hapa Kimara tuliijenga kama wengi tunavyojenga, chumba kwanza, kingine baadaye, sebule miaka ikiwa imepita, na kila mara fundi ni mwingine na kamba yake. Nitarudi hapo.

Jirani yetu mmoja, tunamwita Babu Wembe, alikuwa mchora ramani serikalini enzi za wino. Anazo bado kalamu zake za Rotring, ya 0.25, ya 0.35, ya 0.5, zimelazwa kwenye kisanduku, na anasimulia jinsi walivyochora juu ya karatasi ya kupitisha mwanga na kukwangua kosa kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Ukikwangua vibaya saa kumi jioni, unaanza upya asubuhi. AutoCAD ilitoka Marekani mwaka 1982, lakini hapa kwetu watu wa wembe waliendelea miaka mingi baada ya hapo. Mzee huyu anapenda kumsimulia Milimita Soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lile lenye paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. "Kila mwavuli ule," anamwambia, "kabla haujamiminwa zege ulipita kwanza kwenye meza ya mtu kama wewe."

Ndiye aliyemwambia siku ile aliyorudi amechoka kabisa: "Hawajaona mkono wako. Vyeti vya wote vinafanana. Wapelekee jengo la kweli ulilolipima mwenyewe." Milimita akauliza atapata wapi jengo la kumruhusu. Mzee akageuka akaitazama nyumba yangu.

Basi, msomaji mwenzangu, kuanzia hapo sikuwa na nyumba tena. Nilikuwa na saiti. Futi kamba iling'ata meza, ikapita chini ya vitanda, ikamkuta Wiki Moja bado amelala saa nne asubuhi, naye akapimwa pamoja na godoro. Milimita alipima kila ukuta, kisha kila chumba akakipima mshazari, kona kwa kona. Chumba chenye kona sawa, mishazari yake miwili hulingana. Ya sebule yetu ilipishana kwa 110, yaani sentimita kumi na moja. Babu Wembe alikuja kushuhudia, akaeleza kwamba fundi makini hupiga kona kwa tatu, nne, tano: anapima tatu upande huu, nne upande ule, na kati ya ncha hizo lazima ipatikane tano, ndipo kona inakuwa mraba. Fundi wetu wa sebule alipiga kwa jicho.

Shida ilianza ramani ilipotoka. Nyumba ukiishi ndani yake huijui, ila ikiwekwa kwenye karatasi na namba zake, kila mtu anajua kusoma eneo lake. Bibi Forodha alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akagundua kwamba chumba chake ni 2850 kwa 3400 na cha Wiki Moja ni 3000 kwa 3600. Alimpa Kidole simu apige hesabu. Mita za mraba 9.69 kwa mama mzazi, 10.80 kwa mgeni wa wiki moja.

"Baba Milimita," aliniita, na akiniita kwa sauti ile najua kikao kimefunguliwa. Jioni hiyo Wiki Moja alihama na godoro lake, Bibi akahamia chumba cha nyuma, kabati likakwama mlangoni, likabaki koridoni. Milimita akalipima hapo hapo lilipo akaliingiza kwenye mchoro kwa mstari mwembamba, maana samani huchorwa kwa mstari mwembamba na ukuta uliokatwa kwa mnene, ili macho yajue kipi kinabeba nyumba. Usiku Kidole akafuta jiko lote kwa kitufe kimoja. Dada yake alilirudisha, kisha akaanza kula akiwa ameifunika kibodi kwa kanga.

Hatimaye ofisi moja ilimwita kwa usaili, aje na kazi zake. Tulikwenda mjini kuchapa kwenye plota, karatasi ya A1, 594 kwa 841, nzuri ajabu. Tukailaza juu ya meza ya cherehani isipate mkunjo. Msomaji, wewe mwenye nyumba umeshajua. Mama Milimita alikuwa na gauni la kicheni pati la kumaliza usiku ule, umeme wa LUKU ulikuwa umeisha, na kwa mwanga wa simu aliona upande mweupe wa karatasi ngumu, pana, isiyojikunja. Asubuhi tulikuta mgongo wa gauni, na mabega, na mkunjo wa kwapa umepita katikati ya sebule.

Hakuna aliyepiga kelele. Milimita aliokota kile kipande akakitazama muda mrefu, akasema, "Mama, umechora nusu ukakunja, pande mbili zimetoka sawasawa. Hata sisi tunafanya hivyo." Mama yake alilia kidogo, akamshonea mfuko wa kanga wa kubebea kompyuta siku hiyo hiyo, nami nikaenda kuchapa nyingine. Na hapo Wiki Moja alitufaa kuliko sote. Alichukua kipande cha bomba la plastiki la inchi tatu kilichobaki chooni, akakikata, akakisafisha, akakitia kofia ncha zote mbili na kamba ya begani. Mchoro uliingia ukatulia. Ndani ya mwendokasi abiria mmoja alimuuliza Milimita anatoza kiasi gani kuzibua sinki.

Aliyemsaili alikunjua karatasi juu ya meza, akaweka kikombe kwenye kona moja na simu kwenye nyingine. Akaangalia kimya. Kisha akauliza kwa nini sebule imepinda.

"Imepinda hivyo hivyo, mzee. Nimeipima."

Alimtaka aonyeshe alivyopima, naye akamwonyesha mishazari, iliyoandikwa pembeni. Akaulizwa na lile boksi koridoni ni nini. Akajibu kwamba ni kabati la bibi. Walimchukua kwa miezi mitatu ya majaribio, nauli na chakula cha mchana, na baada ya hapo wakampa mkataba. Sasa hivi anachora majedwali ya milango na mashimo ya maji taka, na hurudi akiyasimulia kwa furaha hadi tunakula tukiyasikia.

Nyumbani nako kazi imempata. Bibi Forodha ameamua chumba chake kipya kiongezwe baraza, ili apate 12 kamili. Dirisha amelihamisha kutoka upande wa barabara kwenda upande wa mwembe, kisha amelirudisha barabarani, kwa sababu mwembe hauna habari. Milimita amemweleza kwamba mteja akibadilisha mchoro uliokubaliwa, analipia mabadiliko. Bibi amekubali kulipa kwa vitumbua na ameshatoa nusu kama malipo ya awali. Wiki Moja amesikia kuna ujenzi, amesema atakaa kidogo asimamie.