Spana za Wageni

Wanaume wa rika langu tumezoea kulicheka kabati la vyombo. Lile la sebuleni, lenye milango ya vioo, ndani yake glasi zenye ukingo wa dhahabu, sahani za Kichina na birika ambalo halijaonja chai tangu siku ya harusi. Vyombo vya wageni. Mwenye nyumba anakunywa maji kwa kikombe cha plastiki kilichopasuka mdomo huku glasi zikimtazama, na mgeni akija analetewa soda ya chupa, hivyo glasi zinasalimika tena. Tunacheka sana. Halafu tunatoka nje, tunakwenda gereji, tunavuta droo ya kabati jekundu la chuma, na tunasimama mbele yake bila kusema neno.

Ugonjwa ni ule ule. Wa wake zetu unapanguswa kwa kitambaa cha kufuma, wa kwetu unapakwa oili. Tena mimi nasema wa kwetu ni mbaya zaidi, kwa sababu glasi haijawahi kudai kwamba imenunuliwa kwa ajili ya kazi.

Kabati langu lilitoka Houston, Texas. Binamu yangu alikuwa anahama nyumba, akaona bora alitie kwenye kontena la mtu aliyekuwa anasafirisha mizigo kuja Dar es Salaam kuliko kulipa watu wa kulizoa. Ananiambia huko kwao gereji ni ikulu ya mwanamume. Gari linalala nje, juani na mvuani, na ndani yamepangwa makabati ya spana ukuta hadi ukuta, yenye taa, yenye droo zinazojifunga polepole zenyewe, na mpira umetandikwa ndani ili spana isichubuke. Jumamosi mlango unapandishwa juu, majirani wanaitwa kuja kuona. Nilimwuliza ni kazi gani hasa inayofanyika humo. Alifikiri kidogo, akasema jirani yake yuko mbioni kutengeneza kabati jingine la kuwekea spana.

Siwashangai hata kidogo, walianza zamani. Katika mji wa Quincy, Massachusetts, aliishi fundi wa piano aliyeitwa Henry Studley, aliyefariki mwaka 1925. Alijitengenezea sanduku la zana la kutundika ukutani. Likifungwa upana wake ni kama nusu mita na urefu kama mita moja, lakini ndani yake amepanga zana karibu 300, safu juu ya safu, kila moja na pahali pake. Ukiitaka patasi ya nyuma unainua kwanza kilicho mbele. Alilipamba kwa mpingo na pembe za ndovu, na liliwahi kuwekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington ili watu wasimame mdomo wazi. Kwa kuwa pembe nyingi zilizochongwa kuwa vibonyezo vya piano za Marekani zama zile zilipitia Unguja, naona nasi tuna hisa kidogo katika majivuno yale.

Kwetu Tabata gereji ya nyumbani ina kazi nyingine. Ni mahali pa kila kitu isipokuwa gari: gunia la mkaa, ndoo za akiba ya maji, godoro la mgeni, simtanki iliyopasuka ambayo siku moja itazibwa, baiskeli ya mtoto ambaye sasa anaota ndevu. Kabati lilipoingia likisukumwa na vijana wa mtaani, gunia la mchele lililazimika kutoka. Mke wangu aliliangalia gunia likipita, akaliangalia kabati, akaniuliza kwa upole, "Baba Zuhura, na hilo tutalipika?"

Nikajitia kazini kupanga. Ofisini kwetu kuna bango la zile S tano zilizotoka kwa Wajapani, ambazo siku hizi utazikuta hata hospitalini: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Bisibisi zikakaa droo ya juu. Chini yake ringi spana, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kisha boksi na racheti yake, kisha plaizi na koleo, kisha nyundo, tupa na patasi, na chini kabisa vitu vizito, jeki na drili, ili kabati liwe na kitako. Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo hasa lililoniponza kwa sifa: nilichukua sponji nyeusi, nikalaza kila spana juu yake, nikaizungushia kalamu na kukata umbo lake kwa wembe. Spana ikilala humo inazama nusu, inabaki mgongo tu unaong'aa. Ukiifunga droo unasikia mlio mmoja mdogo wa kuridhika, na unataka kuifungua tena. Nilikuwa naifungua tena.

Tatizo ni kwamba spana za Houston ni za inchi. Gari langu, sawa na mengi ya mtaani kwetu, ni Toyota iliyotumika, na Mjapani anataka milimita: 10, 12, 14, 17, 19. Hapo hesabu inakuwa kichekesho. Spana ya robo tatu inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo na 19 wanaelewana. Ya nusu inchi ni 12.7: kwenye 12 inacheza, na 14 haiingii. Ya tisa kwa kumi na sita ni 14.3, inaingia kwenye 14 kwa heshima zote, inazunguka kidogo, halafu inailamba nati pembe zote sita mpaka inabaki duara. Ya tatu kwa nane ni 9.5, na kwa nati ya 10 haina msaada wowote. Nilikuwa na kabati zima la spana zinazomeremeta, na gari langu linakubaliana na moja.

Ikabidi kwenda Kariakoo kutafuta za milimita. Nikaziona, seti nzima, kila moja imeandikwa CHROME VANADIUM kwa herufi kubwa. Vanadi ni madini yanayotiwa kwenye chuma ili kiwe kigumu. Katika seti ile madini yote yalikuwa yameishia kwenye herufi. Shingo ya namba 17 ilipinda kwenye nati ya kwanza na maandishi hayakupata hata mkwaruzo. Namba 10 peke yake ilikuwa chuma cha kweli. Sijui ilikuwa inafanya nini katika ukoo ule. Niliifunga utepe mwekundu mkiani, nikaikatia sponji yake ya peke yake katikati ya droo.

Ndipo wageni walipoanza kupitishwa gereji. Kwanza kwa visingizio ("ngoja nikuoneshe tangi la maji"), baadaye bila kisingizio. Jumapili moja alikuja shemeji yangu kutoka Morogoro na familia yake, na tukiwa tunangoja pilau nikawapeleka wote. Sasa, kabati la aina hii lina onyo lililobandikwa ubavuni: usifungue droo zaidi ya moja kwa wakati. Sababu ni ya mizani tu, kwamba droo zikitoka uzito wote unakuja mbele. Shemeji si mtu wa kusoma ubavuni. Alivuta ya kwanza, akasema "mashallah," akavuta ya pili na ya tatu ili alinganishe. Wakati huo mwanawe mdogo alikuwa ameshagundua kuwa breki ya gurudumu inapanda na kushuka kwa kidole cha mguu.

Sakafu yangu ina mteremko. Fundi aliyejenga aliuweka makusudi ili maji ya kuoshea gari yatiririke kuelekea getini. Kabati likainama kidogo, likafikiri, halafu likaondoka. Halikuwa na haraka. Lilipita mbele ya wageni na droo zake tatu zimetoka nje, bisibisi zikigongana, wakinamama wakikusanya watoto na kanga zao, shemeji akilikimbilia kwa nyuma huku akiliambia "simama, simama," nami nikiwa upande wa pili wa godoro, siwezi kupita. Likazikwepa ndoo, likamsalimia kuku, likaenda kuegemea geti. Mke wangu alikuwa ametokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alilitazama pale lilipofikia.

"Jamani," akasema, "wageni hawajala, lishawasindikiza."

Lakini kabati kubingiria si msiba. Msiba ni sifa kuenea. Mtu akiwa na spana zake kwenye kiroba chini ya kitanda, hakuna anayezijua. Mwenye kuzilaza kwenye sponji amefungua duka lisilouza. Jirani wa mkono wa kulia akaja kuomba bisibisi ya nyota, "dakika mbili tu." Wa kushoto akataka plaizi, kuna waya unamsumbua. Kijana wa bodaboda, ambaye hata jina simjui, akaniita "mzee wa spana" na kuomba namba 12. Na huwezi kukataa. Ukisema huna, mtu anakumbuka kwamba wiki iliyopita ulimshika mkono ukampeleka mwenyewe kuziangalia, droo kwa droo.

Hapo ndipo ubaya wa sponji unapoonekana. Vitu vikiwa vimechanganyika kwenye debe, kimoja kikipotea hujui, unalala usingizi. Kwenye sponji iliyokatwa kila kisichokuwepo kimeacha umbo lake. Nilikuwa nafungua droo na kusoma mtaa mzima: hapa kuna waya wa jirani, hapa kuna pikipiki, hapa kuna yule aliyehamia Kigamboni na koleo langu. Katikati ya droo, ule uwazi mwembamba wa namba 10.

Yule aliyechukua namba 10 sikumwona. Ila siku niliyoihitaji naikumbuka vizuri, kwa sababu gari lilikataa kuwaka asubuhi, taa zimefifia, na kichwa cha betri kimelegea kwenye nguzo yake. Nati ya pale, kwenye Toyota, ni 10. Nikampigia simu fundi wangu. Alikuja na mfuko wa turubai uliochanika pembe, akaumwaga chini, vyuma vyeusi vya mafuta vikatawanyika. Kwa heshima nikamfungulia kabati. Alisogea, akachungulia, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa, akaishika ringi moja ya Houston akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akairudisha kwenye sponji yake taratibu.

"Nzuri sana, mzee," akasema. "Ziache tu zipumzike."

Akaokota spana malaya kutoka kwenye lile lundo bila hata kuangalia, akakaza nati, akagonga kichwa cha betri kwa mpini, gari likawaka. Kazi yote haikumaliza hata kikombe cha chai aliyoletewa. Fundi yule hana droo hata moja na hajawahi kuja kuazima kitu kwangu. Nimefikiria sana habari hiyo na sikupenda nilikofikia.

Kuna la mwisho. Droo ndogo ya juu kulia niliiwekea nati na bolti ndogo, nikaibandika karatasi: NATI NDOGO. Juzi nilipoivuta ilinukia pilau. Iliki ilikuwa kwenye kichumba cha kwanza, karafuu cha pili, mdalasini umelala mahali pa bolti ndefu, na bizari nzima imemiminwa palipokuwa na washa. Nikaenda kuuliza. Mke wangu alisema droo zile zinafunga vizuri, sisimizi hawaingii, na kwamba katika nyumba hii hilo ndilo kabati pekee la chuma linalofanya kazi kila siku. Nati zangu nilizikuta kwenye kabati la vyombo, ndani ya birika la harusi, kavu kabisa.

Kwa hiyo nina ombi kwa majirani zangu wa Tabata, wa kulia, wa kushoto na aliyehamia Kigamboni. Aliye na spana namba 10, yenye ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili, ina utepe mwekundu mkiani: iache juu ya ukuta karibu na geti dogo, usiku ukipenda. Sitauliza ilikokuwa. Kama bado unaitumia, malizia, lakini kabla hujairudisha pita na kwangu unikazie kichwa cha betri, kimelegea tena.