Migebuka Yangu na Kodi ya Geto

Hapa Sumbawanga mtoto akichaguliwa chuo Dar, ukoo mzima unakaa kikao kujadili atalala wapi. Atasoma nini, haulizi mtu. Mjomba anataka hosteli, shangazi ana rafiki yake Mbagala, na mimi nipo kwenye kona napiga hesabu za magunia niliyokwisha kuyauza Julai kwa bei ya kutupwa.

Binti yangu alipata hosteli. Aliposema ametoka Sumbawanga, wenzake chumbani wakatazamana. Si mnajua nchi hii inavyotuona: watu wa radi na ungo! Mvua iliponyesha, mmoja akamwomba kwa adabu zote awaambie wazee wapunguze. Faida ni kwamba katika jengo ambalo ndoo zina miguu, ya kwake haikuguswa.

Nikamtumia kwa basi migebuka mikavu ya Kasanga na unga wa ulezi, nikijua vitamvusha muhula mzima. Vikaisha Jumamosi moja. Chumba chote kilikula, na wa koridoni wakaja na sahani zao. Nilinung'unika mpaka mama watoto akanihamia jikoni. Lakini tangu siku hiyo habari za radi zikafa. Wakawa wanamwamsha kwenda diskasheni, wanamshikia kiti darasani, wanamshtua siku ya kusaini boom, ile posho ya mkopo.

Muhula wa pili simu ikalia. "Shikamoo baba. Hosteli hakuna faragha. Nimepata geto."

Faragha! Mtoto aliyekulia hapa Chanji, chumba kimoja na wadogo zake na magunia ya maharage, faragha kaijulia wapi?

Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Boom ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, ila mwenye nyumba hapokei kwa siku. Nikauza mahindi ya akiba. Kumbe kodi ndiyo kwanza utangulizi: LUKU wapangaji wanachanga sawa kwa sawa, yeye mwenye balbu moja na jirani mwenye friji. Maji ya kununua. Daladala asubuhi, daladala jioni, na giza likiingia hatoki. Diskasheni za usiku anahadithiwa. Testi moja alisikia imeshafanyika. Matokeo yakaja na sapu. Migebuka ya safari hii anakula peke yake, tena inamchosha.

Mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalizinduliwa majengo 20 ya hosteli, ya wanafunzi 3,840. Watu wakasema msongamano huo. Mimi nasema hao ni watu 3,840 wa kukuambia testi ni kesho. Mgeni wa mji hazoeshwi na ukuta. Samaki walioliwa na wenzake walimpa ndugu. Mahindi yangu yamempa kufuli.

Nimemwambia arudi hosteli. Anasema kitanda chake kimeshachukuliwa, labda abebane na mwenzake. Sawa, wabebane, mimi natuma samaki mara mbili. Mwenye nyumba naye kasema kodi hairudishwi. Kwa hiyo ninacho chumba Dar, kimelipiwa, hakina mtu. Anayetaka kwenda kupumzika kwa gharama ya mahindi ya Ufipa apitie kwangu achukue ufunguo. Aje na hela ya LUKU.