Mbuzi Ana Risiti, Mtoto Hana

Safari ya familia yenye watoto wadogo katika eneo la Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, haiwezi kuitwa ndefu kwa kuangalia ramani, kwa kuwa kutoka Butembo kupitia Maboya na Kabasha hadi Beni ni kilomita 54 hivi za Barabara ya Taifa Namba 2, na kutoka Beni hadi Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, ni kilomita 80 hivi za Barabara ya Taifa Namba 4. Urefu wake hutokana na mambo mengine, ambayo ni matope, mashimo, vizuizi na hofu. Kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF, magari yaendayo Kasindi, pamoja na yale yaendayo kaskazini kupitia Oicha na Eringeti hadi Komanda, yamelazimika kwa vipindi virefu kwenda kwa msafara, yaani mlolongo wa magari yanayoondoka pamoja chini ya ulinzi wa wanajeshi baada ya kungoja sana mahali pa kujipangia.

Mjadala ufuatao ulizuka mahali kama hapo, upande wa Beni utazamao Kasindi, kati ya wasemaji watano ambao hawakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Wa kwanza ni Kizuizi, yaani mti wa mkaratusi uliolazwa kukata barabara, ukiwa umefungwa jiwe upande mmoja ili uinuke kwa urahisi na kamba upande wa pili ili usiinuke bure. Wa pili ni Chukudu, chombo cha mbao kisicho na kanyagio, chenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, ambacho hubeba mamia ya kilo mteremkoni na husukumwa na binadamu mlimani. Wawili hao walikatwa katika shamba moja la mikaratusi juu ya Butembo, na ndiyo maana Kizuizi humwita mwenzake yaya, jina ambalo watu wa Kivu humwitia mkubwa wao wa kuzaliwa. Waliobaki ni Pikipiki, Basi Dogo na Mbuzi aliyefungwa juu ya paa la Basi Dogo. Kwa kuwa kikao kilichagua kufuata adabu za vitabu, kila msemaji alijitaja kwa jina lake.

KIZUIZI: Kikao kifunguliwe kwa hesabu, maana hesabu ndiyo kazi ya Kizuizi. Basi Dogo amebeba magunia manne ya kakao, vidumu sita vya mawese, godoro moja, kuku watatu na mbuzi mmoja, na kila kimoja kimelipiwa na kuandikwa. Abiria ni kumi na wanane.

CHUKUDU: Na watoto?

KIZUIZI: Watoto gani, yaya?

CHUKUDU: Yule anayelala mdomo wazi juu ya kidumu cha mawese, yule anayetapika marakuja ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na wale watatu waliobanwa kati ya magoti ya mama yao na kiti cha mbele.

KIZUIZI: Hao ni watoto wa kupakatwa. Anayepakatwa hana kiti, asiye na kiti halipi nauli, asiyelipa nauli haandikwi katika orodha ya abiria, yaani ile karatasi ambayo dereva huonyesha kila anaposimamishwa, na asiyeandikwa hayupo. Huo ni utawala, yaya, si ukatili.

MBUZI: Mbuzi yupo. Mbuzi ana risiti yenye muhuri, na akipotea njiani kuna mtu atakayeulizwa.

PIKIPIKI: Kikao kinapoteza muda kwa jambo dogo. Pikipiki imebeba familia nzima kutoka Butembo asubuhi hii bila orodha wala karatasi. Mbele kabisa, juu ya tangi la petroli, aliketi mtoto wa miaka mitatu akishika usukani pamoja na motari, kama aitwavyo mwendesha pikipiki katika miji hii. Nyuma ya motari alibanwa mtoto wa pili. Nyuma yake mama. Mgongoni mwa mama, ndani ya kikwembe, mtoto mchanga. Na mwisho, juu ya chuma cha mizigo, baba mwenye jogoo mkononi.

MBUZI: Jogoo alikuwa na risiti?

PIKIPIKI: Alikuwa nayo.

CHUKUDU: Pikipiki ilitengenezwa kwa watu wangapi?

PIKIPIKI: Wawili, lakini kanuni za hapa ni pana zaidi. Wawili ni idadi ya kiwandani. Watatu ni idadi ya kawaida. Wanne ni idadi ya Jumapili, kwa sababu familia haiwezi kugawanyika ikienda kanisani. Watano ni idadi ya mvua, kwa sababu kunyesha kukianza hakuna anayetaka kubaki. Na sita ni idadi ya usiku, kwa sababu usiku hakuna anayehesabu. Mtoto mchanga hahesabiwi katika idadi yoyote, kwa kuwa yeye ni sehemu ya mama. Na aliye juu ya tangi hahesabiwi pia, kwa kuwa anamsaidia motari.

CHUKUDU: Kofia ngumu zilikuwa ngapi?

PIKIPIKI: Moja, nayo ilivaliwa ipasavyo, kwenye kiwiko cha motari, ili polisi waione kwa urahisi.

CHUKUDU: Basi kilicholindwa ni kiwiko.

Hapo Basi Dogo, ambaye aliona heshima inahamia kwa chombo chenye magurudumu mawili, aliomba nafasi ya kueleza ubora wake. Alisema kwamba ndani yake hakuna mvua wala vumbi, kwamba viti kumi na vinne vya asili vimeongezewa ubao na stuli za mbao kwa hekima ya wenye gari, na kwamba mama aliyekaa karibu na mlango humshika mwanawe kwa mikono miwili, mikono ambayo, kwa maneno yake, haijapata kushindwa na mkanda wowote.

CHUKUDU: Mikono hiyo ipimwe. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha likagonga na kusimama ghafla, kila kilichomo huendelea mbele kwa mwendo uleule, na mtoto wa kilo 10 huvuta kwa nguvu inayozidi mara kumi ya uzito wake, yaani zaidi ya kilo 100. Hakuna mama wa Butembo, hata yule apandaye mlima na gunia la viazi mgongoni, anayeweza kuzuia uzito huo kwa viganja. Tena anayepakata bila mkanda humponda mtoto kwa kifua chake mwenyewe. Na mlango wa Basi Dogo uko upande gani?

BASI DOGO: Kushoto, kama alivyozaliwa.

CHUKUDU: Alizaliwa kwa ajili ya nchi ambazo magari hupita kushoto, na mlango wa kushoto huko humshusha abiria pembeni. Kongo hupita kulia. Kwa hiyo kila aliposimama njiani leo alimshusha mtoto katikati ya barabara, uso kwa uso na malori ya Fuso.

BASI DOGO: Hilo ni kosa la jiografia.

MBUZI: Mbuzi hushushwa kwa kamba, kutoka juu, upande wa majani.

KIZUIZI: Yaya anatia chumvi. Barabara inatengenezwa. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni walizindua kazi pale mpakani, na katika mpango ule zimo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Lami ikikamilika, matatizo yote yataisha.

CHUKUDU: Lami huondoa mashimo, na mashimo ndiyo peke yake yaliyokuwa yakimpunguzia Pikipiki mwendo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani vipatavyo milioni 1.19 kila mwaka duniani, na linasema kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi hiyo. Vifo hivyo havingoji matope. Vinapenda barabara nzuri.

Mbuzi, ambaye juu ya paa husikia redio za magari yote, alieleza hapo desturi ya Ulaya ambayo kikao kiliiona ya ajabu. Huko, alisema, familia hufunga nyuma ya gari nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda na jiko, kisha huzunguka nayo wakati wa likizo kwa ajili ya starehe tu. Na watoto hawakai katika nyumba hiyo safarini, kwa kuwa Uingereza na Ujerumani, kwa mfano, haziruhusu mtu kukaa ndani yake ikiwa inavutwa, bali hufungwa mikanda ndani ya gari, kila mmoja katika kiti cha kimo chake, viti ambavyo Umoja wa Mataifa uliviwekea kanuni mpya, Namba 129, mwaka 2013.

BASI DOGO: Nyumba nzima inatembea tupu?

MBUZI: Tupu.

BASI DOGO: Yenye vitanda?

MBUZI: Yenye vitanda na meza.

BASI DOGO: Watu ishirini na watano wangeenea humo, bila kuhesabu paa. Na juu ya meza wangekaa wanne.

PIKIPIKI: Na mlangoni wawili, wakining'inia.

BASI DOGO: Na chini ya vitanda kakao. Hawa Wazungu hawajui biashara.

CHUKUDU: Hawana lazima ya kuijua, kwa sababu mtoto wao huandikwa kabla ya mzigo. Lakini hakuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, maana Beni na Butembo zimewahi kuwahesabu watoto wao barabarani, tena kwa makini. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200, magari yalisimamishwa kwenye vituo vya ukaguzi, abiria wakashuka, wakanawa kwa maji ya klorini, na kila paji la uso likapimwa joto kwa kipimajoto kisichogusa ngozi. Mtoto wa kupakatwa naye alipimwa. Hakuna aliyesema kwamba hana kiti kwa hiyo hayupo.

KIZUIZI: Wakati ule alikuwa hatari.

CHUKUDU: Ndilo neno lililongojwa na kikao. Mtoto alihesabiwa alipoogopwa. Alipoacha kuogopwa alirudishwa magotini. Tarehe 1 Septemba 2021 msafara wenye ulinzi ulishambuliwa karibu na Ofaye, kwenye barabara ya kutoka Komanda hadi Luna. Watu waliuawa, magari yalichomwa, makumi ya abiria walichukuliwa mateka, na hesabu yao ilibadilika kadiri habari zilivyofika. Katika siku kama ile, karatasi yenye majina ndiyo humwezesha ndugu aliyebaki Butembo kujua anamtafuta nani. Kwa mujibu wa karatasi ya Basi Dogo, leo zikitafutwa roho njiani, zitatafutwa kumi na nane na mbuzi mmoja.

BASI DOGO: Dereva naye ana hofu. Msafara ukianza, kila gari linataka kuwa katikati, kwa kuwa wa mbele hukutana na risasi na wa nyuma huachwa. Ndiyo maana hupitana kwenye kona.

CHUKUDU: Yaani hukimbia hatari inayowezekana kwa kuikumbatia iliyo hakika. Na wazazi wasijifiche nyuma ya dereva. Baba aliyempandisha mwanawe juu ya tangi alipiga bei kwa robo saa ili aokoe nauli ya pikipiki ya pili, kisha akamnunulia motari soda. Mama aliyemwacha mtoto asimame na kutoa kichwa dirishani alisema kwamba akimketisha atalia. Wahenga walikwisha kumjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Si wote wasio na uwezo. Magunia manne ya kakao yamelipiwa nafasi yake humu ndani, na gunia moja likishushwa watoto watatu wangeketi. Umaskini upo, na vita vipo, na asiyevijua ni mgeni wa Beni. Lakini si vita vilivyolitia gunia kitini na mtoto sakafuni. Hilo lilifanywa na watu wazima, mchana, wakicheka.

KIZUIZI: Yaya anataka nini hasa?

CHUKUDU: Mambo manne ambayo hayahitaji mfadhili. Jina la kila mtoto na umri wake viandikwe katika orodha ya abiria, hata akiwa wa siku saba. Pikipiki isipokee familia. Ipokee mtu mmoja, na mtoto asikae mbele ya motari kwa sababu yoyote. Mtoto ashuke akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima aliyetangulia kushuka. Na gari lenye watoto lisifungue safari kabla ya mizigo kutolewa katika viti.

KIZUIZI: Mstari wa mtoto katika orodha utalipiwa faranga ngapi?

CHUKUDU: Hautalipiwa.

KIZUIZI: Basi hauna idara. Kila kinachoandikwa hapa kina idara yake.

CHUKUDU: Na Kizuizi ni wa idara gani?

KIZUIZI: Swali hilo liko nje ya mada.

Honi ya gari la wanajeshi ililia, injini zikawashwa, na madereva walioahidi kufuata mstari walianza kupitana kabla hata ya jiwe la Kizuizi kushuka. Kikao hakikutoa azimio, kwa kuwa Kizuizi alitaka lilipiwe kwanza kama hati nyingine yoyote. Na ilipoulizwa nani kati ya wote waliosafiri ana kibali cha kutia sahihi, alionekana mmoja tu mwenye karatasi zilizokamilika, naye alikuwa amefungwa juu ya paa akitafuna orodha ya abiria.