Sifa za Korongo la Kwetu

Korongo lililo nyuma ya soko letu hapa Kithyoko halijapata kusifiwa na mtu. Mwenye ng'ombe hulilaani asubuhi, wa bodaboda hulilaani usiku, na wanaozozania mipaka ya mashamba hulilaani mbele ya chifu, kila upande ukidai kwamba kipande kilichomezwa kilikuwa chake. Nimeona nilitetee, hasa wakati huu ambapo kikundi chetu kinachanga pesa za kwenda Naivasha, katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, kutazama korongo la watu wengine.

Mipango ya safari hiyo inaendelea vizuri, maana yake tumekwisha kuzozania kila kitu isipokuwa tarehe. Matatu itakodiwa hapa stendi, ipite Matuu na Thika, ivuke Nairobi kabla msongamano haujaanza, ipande Limuru kisha iteremke Bonde la Ufa. Kutoka mjini Naivasha tutafuata barabara ya kusini mwa ziwa hadi Lango la Elsa. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo lazima mmoja wetu awe na intaneti na mwingine awe na pesa. Mwenye vyote viwili hatujampata. Baiskeli za kukodi zipo, kwa kuwa hii ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Mama mmoja wa kikundi ameuliza kwa nini alipe nauli aende kuendesha baiskeli vumbini, akaambiwa asivunje watu moyo. Upande wa chakula, muthokoi umeishinda chapati kwa kura.

Sasa tutazame nasaba. Ol Njorowa, korongo la Hell's Gate, ni mtoto wa maji: maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko leo, likafurika upande wa kusini na kujichongea njia katika miamba ya volkeno. Mwaka wa 1883 wakafika pande hizo Wazungu wawili, Gustav Fischer na Joseph Thomson, kila mmoja na msafara wake, na nguzo ya mwamba iliyo karibu na lango ikabaki na jina la Fischer, kana kwamba Wamaasai hawakuwa wameiona. Mbuga ilitangazwa rasmi 1984, miaka 3 baada ya mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke kuanza kazi pale Olkaria. Waigizaji wa Hollywood nao wamepita. Filamu ya Lara Croft ya mwaka wa 2003 ina vipande vilivyopigwa humo. Ni ukoo wa heshima, sikatai. Lakini ni korongo lililostaafu. Ukienda leo na ukirudi na wajukuu, utalikuta palepale.

La kwetu linakua kila Novemba. Lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, nyasi zikakanyagwa, ardhi ikawa ngumu, mvua ikakosa pa kuingilia ikaamua kukimbia. Kisha mkandarasi mmoja akaja kutengeneza barabara, akaweka kalvati, akaielekeza kwa ustadi mkubwa kwenye mashamba. Korongo hukua kwa kurudi nyuma: maji yakifika ukingoni huanguka, hula msingi kwa chini, ukingo ukaporomoka, na kichwa cha korongo kikasogea hatua nyingine kuelekea mlimani. Linapanda wakati maji yanashuka. Grand Canyon ya Marekani, yenye urefu wa kilomita 446, imechongwa na mto Colorado kwa mamilioni ya miaka. Letu halina mto. Lina kalvati moja na mbuzi, na tazameni lilipofika.

Wala msidhani halina historia. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitazama Machakos yetu ikaona makorongo, ikakata shauri kwamba mkosaji ni ng'ombe wa Mkamba. Haikuuliza sana ni nani aliyekuwa ametwaa malisho mazuri na kuwasonga watu vilimani. Mwaka wa 1938 ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa Athi River kikiwangoja. Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakashuka Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana, mbele yao akiwa Muindi Mbingu. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kizuizini, lakini serikali ikalazimika kuachana na mpango wake. Ol Njorowa ina nguzo ya Fischer. Makorongo ya Ukambani yana Muindi Mbingu. Msomaji aamue mwenyewe ni nani mwenye mnara mrefu zaidi.

Ukarimu wake nao haupimiki. Hell's Gate hukutoza pesa ili uingie. Letu huja lenyewe mpaka uani kwako. Udongo wa juu, ule uliolishwa samadi miaka nenda miaka rudi, huugawa bure kwa watu wa bondeni wasiojulikana. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 katika mto Tana, limekuwa likipokea matope ya nchi ya juu tangu siku hiyo, na sehemu ya nafasi iliyojengwa kwa ajili ya maji sasa imekaliwa na mashamba ya watu. Hakuna aliyewahi kwenda huko na hati yake kuyadai. Mchanga nao hushukia mito ya msimu, malori huuzoa mchana na usiku, na Nairobi inapanda ghorofa juu ya ghorofa. Kijana wa Ukambani anayepanga chumba huko katika mtaa wa Pipeline huenda analala ndani ya shamba la babu yake, tena analilipia kodi.

Jambo moja silifanyii mzaha. Ol Njorowa huua. Mwaka wa 2012, na tena Septemba 2019, maji yalishuka ghafla ndani ya zile kuta nyembamba yakawafagia watu waliokuwa wakitembea. Mvua ikinyesha mbali, aliye chini haioni. Kwa hiyo katika daftari la mipango nimeandika kwa herufi kubwa: tusiende msimu wa mvua, tuchukue kiongozi wa pale pale, na akisema turudi, turudi, hata kama picha haijapigwa. Mtu angedhani sisi wa mito mikavu hatuhitaji kukumbushwa. Lakini Desemba 2021, katika mto Enziu huko Mwingi, basi lilijaribu kuvuka maji likazama, na waliokufa walizidi 30.

Turudi kwenye sifa, kwa kuwa mbora yeyote ana maadui. Adui mkubwa wa korongo la Kikamba ni mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo akina mama hujitokeza asubuhi na majembe, wakiimba, shamba la huyu leo na la yule kesho. Huchimba fanya juu: mtaro unafuata usawa wa mlima, udongo unarushwa upande wa juu ukawa tuta, na baada ya misimu kadhaa mteremko umegeuka ngazi. Maji yakifika hapo hutulia kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos wakionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Wakoloni walikuwa wametabiri jangwa. Kwa mpenda makorongo, hicho ni kitabu cha huzuni tupu.

Na ugonjwa huo umefika hapa kwetu. Kikundi hiki hiki kinachochanga pesa za Naivasha, kwenye kikao hicho hicho, kilipomaliza mjadala wa muthokoi kiligeukia korongo. Ikapitishwa kwamba mawe yapangwe tumboni mwake ngazi kwa ngazi, mkonge upandwe kichwani, na maji ya kalvati yaelekezwe kwenye silanga, yaani bwawa la maji. Nilisimama nikaeleza thamani ya kivutio hiki kwa utalii wa kaunti. Nikashindwa kwa kura, kura nyingi kuliko za muthokoi.

Basi msomaji, ukitaka kuliona korongo letu likiwa katika fahari yake, fanya haraka. Halina lango, halina kiingilio, na wala huhitaji eCitizen. Kazi inaanza kabla ya mvua za Novemba, siku za Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi. Mwenye jembe aje na jembe, na mwenye magunia matupu asiyatupe.