Jile ya Mkaguzi

Kanuni ya usafiri wa mito na maziwa ya Kongo ni ya mwaka 1966. Mwaka 2019, baada ya ajali ya boti katika Ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokoa maisha. Nasi wa Simi-Simi, Kisangani, tu watiifu: jile zilizopauka, kamba zimefungwa kwa uzi wa gunia, huvaliwa mpaka mkaguzi ageuze mgongo, kisha hukusanywa zisubiri balenieri, boti ya mbao, ya kesho. Cheti cha ukaguzi kimewekewa plastiki, hakipitishi maji hata tone. Zinazopitisha ni mbao za chombo. Waheshimiwa, mkirekebisha kanuni, ongezeni kifungu kimoja tu: mkaguzi asafiri na chombo alichokipitisha hadi Kinshasa, kilomita 1,700 hivi, juu ya magunia ya makaa.