Hongera kwa Bango Jipya

Mtu asiyejua uongozi akiambiwa hospitali imekua, hukimbilia kuhesabu vitanda. Huo ni ushamba. Kaunti za Kenya, zilizokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, zinajua ukuaji huanzia langoni: asubuhi kituo cha afya, fundi kapanda ngazi na kopo la rangi, adhuhuri hospitali ya ngazi ya nne. Hata mahindi ya masika hayakui hivyo.

Mashine nazo zisisahaulike. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha vifaa vya tiba kwa hospitali 98, mbili kwa kila moja ya kaunti 47 na nne za kitaifa. Baadhi vilifikia mahali pasipo umeme wa kutosha wala mtaalamu wa kuviwasha. Wanung'unikaji hawakukosekana. Lakini mashine iliyomo kashani haiharibiki, haina foleni, wala haijampa mtu majibu mabaya. Na kodi yake ililipwa vilevile, heshima ambayo muuguzi wa kandarasi angali anaiota.

Juni 2013 ilitangazwa kwamba kujifungua kutakuwa bure katika hospitali za umma. Ndiyo maana mume hutumwa ng'ambo ya barabara kununua glavu na pamba: asikae bure.

Akirudi mbio na kifuko chake, mlinzi humzuia kwa upole langoni. Apite upande wa pili, tafadhali. Bango bado bichi, na mgeni wa kukata utepe hajafika.